Siki ya Bibi Hamdiya na Pipa Langu

Bibi yangu, Hamdiya, hutengeneza siki ya tende kila mwaka hapa kwetu Hail, Omani. Hana mizani wala kipimo. Ana mtungi, kitambaa cha melimeli cha kufunika mdomo wa mtungi, na kikombe cha siki ya mwaka uliopita, ambayo ndiyo mbegu ya kuanzishia siki mpya. Mbegu ya kwanza alipewa na mama yake siku ya harusi yake, naye humpa kikombe kila bi harusi wa ukoo wetu.

Mimi nina shahada ya kemia. Siku moja wakati wa chakula niliihutubia familia: nchi ya mitende inanunuaje siki ya kigeni? Ukombozi huanzia jikoni! Binamu yangu Talal alipiga makofi, kisha akaomba aongezewe wali.

Nikaagiza pipa dogo la mti wa mwaloni, lililounguzwa ndani, lililotengenezwa kwa ajili ya kulaza wiski. Nilieleza kwamba pipa tupu halina dhambi, na kwamba ule mkaa wake ungeipa siki yetu rangi na ladha ya kuitangaza duniani.

"Yaarub," Bibi akasema, "siki yataka kuvuta pumzi. Utaifunika na nini?"

"Kizibo, Bibi. Maelekezo yanasema kikazwe barabara."

"Maelekezo ya siki?"

Nilikuwa na mapinduzi ya kuongoza. Nikatia tende zake zote, maji, na mbegu yote pia, maana kubakisha niliona ni tabia ya waoga.

Wiki ya tatu kizibo kiliruka kikagonga dari ya stoo. Pius, mtu wa Moshi anayetunza bustani ya jirani, alisikia mshindo akaja mbio. Akainama, akanusa, akatabasamu kama aliyepata barua kutoka nyumbani.

"Kaka, hii si siki. Kwetu Moshi watu wangeshakaa duara na vikombe."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za hewa na vijidudu. Hapo nikakumbuka kuwa swali la jambo hilohilo nililijibu chuoni nikapata alama zote: tende zikikosa hewa huishia kuwa pombe.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Yote, babu? Hukubakisha hata kikombe?"

"Yote, Bibi."

Akakaa juu ya gunia la mchele. Afadhali angenitukana.

Nilimwaga pipa zima, nikaendesha gari hadi Sib kwa binamu yangu Lamya, aliyeolewa mwaka juzi. Njia nzima nilitunga hotuba. Alipofungua mlango ikanitoka sentensi moja:

"Lamya, nimeilevya mbegu ya Bibi."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Karibu, mkombozi wa taifa!" Lakini kikombe alinijazia.

Nilirudi nimekibana magotini, magari yote yakinipita na kunipigia honi. Bibi alikipokea, akanusa, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe."

Kitambaa alikifunga mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kushika mtungi.