Barua Niliyoombwa Nisiwasomee

Tangazo la kutafuta vijana wa kujifunza urubani nililiona mimi kwanza, limebandikwa ukutani mjini Tabora. Nilimwambia mdogo wangu kwa sababu sikutaka kwenda peke yangu. Daktari alinikataa kwa sababu ya jicho langu la kushoto. Mdogo wangu akapita. Mwaka huo huo yeye alipelekwa Uchina, nami nikapangiwa kufundisha darasa la tatu katika kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Urambo. Nikawa nalala peke yangu katika chumba tulicholala wawili tangu utotoni.

Aliporudi alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alileta picha ya kikosi chao: vijana saba wamesimama mbele ya ndege, yeye wa pili kutoka kushoto, anacheka. Baba aliitundika sebuleni. Kila mgeni alionyeshwa, hata aliyekuja kuazima jembe. "Huyu hapa," baba alisema, akigusa kioo kwa kidole. Kisha, kama aliyekumbuka kitu: "Na huyu mkubwa ni mwalimu."

Vita vilipozuka Kagera, barua zake zilikuja kupitia kwangu shuleni. Wazazi hawakujua kusoma, kwa hiyo niliwasomea mimi. Nilikuwa naruka mistari. Akiandika kwamba mkuu wa kikosi amemsifu, naruka. Akiandika kwamba askari wa ardhini waliwapungia kofia walipopita juu yao, naruka pia. Nilibakiza salamu na habari za mvua. Mama alikuwa akisema, "Siku hizi haandiki mengi."

Halafu ikaja barua moja fupi. "Kaka, hii ni yako peke yako. Wenzetu wawili hawakurudi. Mmoja ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, na kitanda chake bado kimetandikwa. Asubuhi mikono inanitetemeka mpaka mwenzangu ananifungia mikanda. Tafadhali usiwasomee wazazi."

Naona haya kusema nilichohisi. Vifo viliniuma, lakini ile mikono ilinifurahisha. Nilikwenda nyumbani mchana ule ule, nikawasomea yote, neno kwa neno, kwa sauti yangu ya darasani.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Baba akasema, "Rudia pale pa mikono."

Nikarudia. Aliichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka. Nilitegemea ataishusha ile picha. Hakuishusha.

Vita vilipokwisha mdogo wangu alikuja likizo. Majirani walikuwa wametayarisha ngoma. Baba aliwaomba wasubiri kwanza. Mdogo wangu alipomwamkia shikamoo, baba aliitikia, kisha akaishika mikono yake yote miwili na kukaa nayo muda mrefu. Mdogo wangu alinitazama juu ya bega la baba. Alikuwa ameshajua.

Wiki mbili nzima walishinda pamoja katika bani la kukaushia tumbaku, wakichochea moto na kuzungumza. Nikiingia, wananyamaza. Ni mama aliyenieleza kwamba baba naye alipigana Burma enzi za Waingereza, akarudi akitetemeka hivyo hivyo. Miaka yote ile baba hakuwahi kuniambia.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza mdogo wangu stesheni.

"Kaka, uliwasomea," alisema.

"Niliwasomea."

"Nilikuomba."

"Nilikuwa na wivu." Nilishangaa neno lile lilivyotoka kirahisi.

"Nilikasirika sana nilipofika," akasema. "Lakini bila hivyo nisingempata baba. Kwa hilo nakushukuru."

Angenipiga kofi ningevumilia. Nilikuwa nimetaka kumshusha machoni pa baba, kumbe nimewafungulia mlango, nami nikabaki nje.

Aliruka na kikosi chake miaka mingine michache, kisha akaacha jeshi, akaenda kulima Usinge. Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliyemwita ni mdogo wangu. Nimeshamuuliza mara mbili baba alimwambia nini kule banini. "Mambo ya kawaida tu, kaka," hujibu, na kunimiminia chai. Mimi nina miaka zaidi ya sabini sasa, na wivu ule bado ninao.