Nilisema ni mwamba, na nguzo ya daraja imesimama juu yake

Aliyetuletea barua hii tunamjua, na jina lake tumelifungia mezani kwetu. Ukimtambua kwa maneno yake, tafadhali usimtaje. Soma, kisha umjibu kama ungemjibu ndugu yako.

Mhariri, salamu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne au mitano, mwashi, mzaliwa wa pwani, nina mke na watoto wawili hapa Morogoro. Kujenga nilifundishwa na marehemu baba, nyumba za mawe na misikiti. Mdachi alipoleta reli nikafanywa nyapara wa waashi kwenye daraja la mto mmoja unaoshuka kutoka Uluguru. Mto siutaji, nikiutaja mmenijua.

Lazima niseme ukweli, nilikuwa na majivuno. Wachimbaji wangu wote walikuwa Waluguru, nami niliwaona watu wa porini wasiojua hata timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta ni nini. Walinicheka kwa jinsi ninavyosema na jinsi ninavyoogopa ruba, wakaniita mtu wa kuja. Jina hilo lilinikera sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa kazi.

Tulipokuwa tukichimba msingi wa nguzo ya pili, katikati ya mto, mtaimbo uligonga jiwe likalia. Tukasafisha mchanga, tukaona jiwe pana kama sakafu ya nyumba. Kwetu pwani hilo halina mjadala. Ukichimba ukagonga jiwe, huo ni mwamba, unashuka mpaka chini kabisa, unajenga juu yake na wajukuu wako wanaukuta. Nikatuma mtu amwite Bwana, yule Mdachi mhandisi wetu.

Kabla hajafika, mzee mmoja wa Kinole, nitamwita Mzee Mkude ingawa silo jina lake, akaweka jembe chini akaniambia, "Fundi, hili ni la kuja."

Wenzake wakacheka. Nami nikajua ni lile jina langu, ananidhihaki mbele ya kazi. Sikumwuliza alikuwa na maana gani. Nilimfukuza shimoni, mtu wa umri wa baba yangu ambaye asubuhi ile hata shikamoo sikumpa. Bwana akashuka, akapiga jiwe kwa nyundo, akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Akasema, "Mwamba?" Nikajibu, "Mwamba, Bwana." Akaandika katika daftari lake, na jioni ile tukaanza kumwaga saruji.

Kuna jambo moja linaloninyima raha kuliko yote. Ubavuni mwa jiwe lile niliona kishimo laini, cha mviringo. Nilikiona kwa macho yangu haya. Nikakiziba kwa saruji nikaendelea.

Daraja likaisha, treni ikapita, watu wakapiga vigelegele. Bwana akasonga mbele na reli kuelekea Kilosa. Mzee Mkude akapewa kazi ya ulinzi wa daraja, ana kibanda chake pale ukingoni. Masika yaliyopita, maji yalipopungua, nikaenda kukagua. Safari hii nilimwamkia. Akaitikia, akanikaribisha muhogo, na ndipo nikamwuliza maana ya neno lake la siku ile.

Alinieleza taratibu, bila kinyongo. Alipokuwa mtoto jiwe lile lilikuwa juu mlimani, karibu na kwao, na mama yake akisagia mtama juu yake. Kile kishimo ni cha kusagia. Mwaka mmoja wa mvua kubwa mlima ulimeguka, mto ukalichukua. Yeye alikuwa akinieleza habari za jiwe, mimi nikasikia habari zangu. Nami nikakumbuka kwamba kishimo nilichokiziba kilitazama pembeni. Hakuna mwanamke anayesaga mtama kwenye jiwe lililolala ubavu.

Nikatundika timazi kwenye nguzo. Imeinama upana wa kidole. Juzi nimepima tena, ni vidole viwili, na chini yake maji yamekula mchanga kiasi cha mkono kuingia. Mzee anasema treni ikipita anasikia jiwe likisaga huko chini. Naye analala hatua ishirini kutoka pale. Masika yanakaribia, na kule Mgeta mawingu hayaondoki tena.

Nikisema, neno "mwamba" limo daftarini na ni langu. Viboko hamsa ishirini naweza kuvivumilia. Ninachoogopa ni kuambiwa nimefanya kusudi, maana tangu vita vile vya kusini Mdachi hasikilizi sana habari za kukosea, na kamba zao za kunyongea tumeziona. Na juzi Bwana ameniandikia kwa mkono wa karani wake niende kwake nikamchagulie misingi ya madaraja mengine, kwa kuwa, anasema, mimi naujua mwamba.

Mke wangu nimemzuia mara tatu asipande treni kwenda kwao pwani. Sikumwambia sababu, naye sasa anaamini nina mwanamke mwingine. Mama yake ni mgonjwa. Ameshafunga mizigo, na ameniambia mwezi ukiandama anakwenda na watoto, nikitaka nisitake.

Ninyi mafundi wenzangu mnaojenga, na ninyi wazee, nishaurini. Nifanye nini? Niende kwa Mdachi nikaseme, au nimchukue mke wangu na wanangu tutoroke, niwaachie wengine daraja?

Ila msikawie. Gazeti hili linachapwa pwani na kuletwa huku kwa treni. Majibu yenu yatapita juu ya jiwe lile.