Mdundo wa Nyota ya Dada Yangu

Nilijua dada yangu anaenda kuumbuka mbele ya ukumbi mzima. Nilijua kabla yake, nimevaa hedfoni masikioni, na sikuweza hata kukohoa.

Msianze kunitukana. Ngojeni kwanza.

Mimi ni fundi wa sauti. Harusi, misiba, mikutano, popote panapotakiwa spika mimi nipo. Shule niliiacha mapema, tulishindwana tabia. Nyumbani wananiita Kelele.

Dada yangu ndo kinyume changu. Yeye anasomea nyota chuo kikuu. Si zile za kutabiriwa utaolewa lini, bana. Anakaa na kompyuta kutwa nzima anachambua mawimbi ya redio yanayonaswa na darubini kubwa kama uwanja wa mpira.

Mwaka ule akapata kitu. Nyota iliyokufa, inazunguka kama pia, na kila ikizunguka inapiga mdundo. Akanisikilizisha kwenye simu.

Du. Du. Du.

"Hii hakuna binadamu aliyewahi kuisikia, Kelele. Mimi ndo wa kwanza."

"Haina besi," nikamjibu.

Akanipiga na mto.

Mama ndo usiseme. "Mwanangu kaona nyota!" Muuza mkaa kaambiwa. Daktari wake wa presha kaambiwa. Mwizi angeingia ndani, angekalishwa chini aambiwe kwanza ndo aibe.

Mkataba wa dada wa utafiti pale chuo ulikuwa unaelekea ukingoni. Kwa watu wale, ukigundua kitu unabaki. Usipogundua, unafunga mizigo. Kwa hiyo idara ilipomwambia ajiandae, siku ya tuzo ataitwa jukwaani, tukashusha pumzi nyumba nzima. Hawakusema tuzo gani. Nani aulize? Sisi tulishajua.

Akanipigia debe, kazi ya sauti nikapewa mimi.

Siku yenyewe nikamfunga mkuu wa idara maiki ya kwenye kola. Wanafunzi wanamwita Mama Darubini. Mpole, sauti ya chini, kavaa raba na suti. Spika za ukumbi nilikuwa nimezizima, namsikiliza kwenye hedfoni tu, napima sauti.

Akasahau kama ana maiki. Akatoka koridoni na msaidizi wake.

"Vijana wamemaliza uchambuzi?" akauliza.

"Wamemaliza. Hakuna aliyeshtuka."

"Basi nitawaambia palepale jukwaani kwamba ule mdundo tuliuingiza sisi."

Nikazibana hedfoni masikioni.

"Yule binti ataumia," msaidizi akasema.

"Najua. Lakini wote walikubali kujaribiwa. Tutajuaje kama wanaona?"

Kumbe hawa watu wana mtindo wao! Wakubwa wanatengeneza ishara feki, wanaichomeka kimyakimya kwenye data, halafu wanakaa pembeni kuangalia kama vijana wataiona. Makusudi kabisa.

Nikamtafuta dada kwa macho. Huyo hapo safu ya mbele, gauni jipya. Mama pembeni yake, kilemba kimewaziba watu wa nyuma.

Nikampigia. Simu imezimwa.

Nikampungia mkono. Akanipungia.

Nikamfanyia alama ya kukata shingo. Akadhani nasema maiki mbovu. Akacheka, akaninyooshea dole gumba.

Nikaacha mitambo, nikaanza kumfuata. Sijafika nusu, Mama Darubini huyo jukwaani. "Kijana, sauti tafadhali."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama akapayuka, "We Kelele! Rudi ukafanye kazi, usitutie aibu leo!"

Nikarudi. Nikafungua maiki. Kwa kidole changu mwenyewe.

"Ule mdundo haukutoka angani," Mama Darubini akasema. "Ulitoka ofisini kwangu."

Nikasubiri wazomee.

Halafu, jamani, ukumbi ukalipuka kwa makofi! Kwao ule ni ushindi. Mtego umetegwa, mtu kauona. Wakamwita dada wakampa Tuzo ya Umakini, kipande cha kioo kimechorwa darubini. Mama hakuelewa hata nusu. Akapiga vigelegele mpaka mita za sauti kwenye mashine yangu zikawa nyekundu.

Dada akashika maiki aseme neno. Midomo inacheza, sauti haitoki. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Hakukuwa na kitu cha kupandisha.

Watu walipotoka nikamkuta nyuma ya pazia, kakaa juu ya boksi la spika.

"Pole, dada. Wamekuchezea."

"Hawajanichezea. Nilisaini. Nilijua inawezekana."

"Sasa unalia nini?"

Akanipa simu. Habari ya asubuhi ile: chuo kingine, watu wanakumbatiana. Wamegundua nyota.

"Hii mimi niliiona kabla yao," akasema. "Ilikuwa hafifu, inazama kwenye makelele. Nikaiweka pembeni, kwa sababu ile niliyokusikilizisha ilikuwa inasikika safi. Asubuhi niliposoma hii nikajipa moyo. Nikasema si neno, mimi ninayo yangu."

"Si una ushahidi? Twende ukamwambie Mama Darubini!"

"Nimwambie niliiona nikaiacha? Huku wa pili hayupo, mdogo wangu. Nyota ni ya aliyeitangaza."

"Na mkataba?"

Akatikisa kichwa.

Nilitaka kwenda kumkunja mtu. Sasa nimkunje nani? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja sheria. Nilikuwa na ngumi na sina pa kuipeleka.

Mama akatokea, kakumbatia kile kioo kama mtoto mchanga.

"Eti, nyota yenyewe wameipa jina gani?"

Dada akanitazama. Nikatazama nyaya zangu.

"Bado, Mama."

"Waambie waiite jina la bibi yako."

"Nitawaambia."

Jamani, mtu wenu akiitwa jukwaani, mpigieni makofi, ni haki yake. Ila wengine wakishaondoka mfuateni huko nyuma, mumuulize ameacha nini njiani. Inawezekana msiwe na msaada wowote. Mimi sikuwa nao. Nilikaa naye juu ya boksi mpaka mwenye ukumbi akaja kudai funguo.