Gemu ya Ngumi Kwenye Spika za Shule

Hakuwahi kuwasha televisheni, iwe yake au ya watu, kabla ya kuigusa mgongoni kwa nyuma ya kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Hata akienda kutoa pole msibani, ataipitia kwanza ile ya sebuleni. Mpwa wake alimcheka tangu utotoni. "Mjomba, ina mafua?" Naye hujibu, "Mafua haina. Ina vumbi la wavivu."

Mtaani walimwita Fundi Waya. Kwa miaka thelathini alitengeneza televisheni za kichogo. Zilipokuja zile bapa, ambazo zikiharibika watu huzitupa tu, alibaki na meza, koleo na mikono isiyo na kazi. Akaokota mitambo mitatu ya gemu iliyokufa, akaifufua, akafungua chumba mkabala na shule ambako mpwa wake alifundisha darasa la tano. Waya zote alizibana ukutani kwa misumari midogo. Mlangoni alibandika karatasi: anayetukana atoke, mwenye sare asubiri kengele, gemu ya ngumi ni ya waliomaliza shule ya msingi. Ile ya kupiga watu risasi barabarani, hata wasichana wapita njia, aliicheza mwenyewe nusu saa, kisha akaivunja diski kwenye goti. "Aliyeitengeneza hii hana dada," alisema.

Ndipo mtoto mmoja wa darasa la tano alipomkaba mwenzake uwanjani na kumng'oa jino. Baba wa yule aliyekaba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kabla damu haijakauka vizuri alikwisha kupata wa kumlaumu: chumba cha gemu. Kikaitishwa kikao cha kuamua kama kifungwe.

Mpwa alijua ukweli. Siku moja baada ya ugomvi alikuwa amemuuliza yule mtoto nani kamfundisha kukaba. Mtoto alishika kola yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaisokota, akaisukuma chini ya kidevu. "Baba akinishika anaanza hivi." Mgongoni alikuwa na michirizi ya waya. Mwalimu alikwenda mbio kwa mwalimu mkuu, naye akafunga dirisha kwanza ndipo akasema, "Yule ndiye aliyetuhangaikia tukapata madawati. Usichanganye mambo, mwalimu." Barua ya kumpandisha mpwa cheo ilikuwa juu ya meza ya mkuu, haijatiwa saini. Mpwa akaitazama, akatoka.

Siku ya kikao Fundi Waya alikuja amebeba televisheni, mtambo na diski ya ngumi. Watu hawawezi kuhukumu wasichokiona, alisema. Waione kwa macho yao. Hapo angekuwa salama, kama si ufundi. Chumbani kwake sauti aliiweka chini, ya kunong'ona. Lakini ukumbini alikuta spika kubwa za shule, na fundi wa miaka thelathini hawezi kuona spika nzuri zikikaa bure. Akaziunganisha, akazipima, akaongeza besi.

Ngumi ya kwanza ilitikisa vioo vya madirisha. Mfupa ulivunjika ukasikika hadi jikoni kwa wapishi.

"Kumbe hii ndiyo tuisheni ya jioni," mama mmoja alisema, watu wakacheka kwa uchungu. Mwingine hakucheka. Mwanawe mdogo, alisema, akitoka kumtazama kaka yake akicheza hupiga mito mateke mpaka alale. Fundi Waya alimjibu kwa heshima kwamba hilo analiamini, ndiyo maana aliweka masharti.

"Mmesikia wenyewe," mwenyekiti alisema. "Mwanangu kaharibiwa na kelele hizi."

"Mwenyekiti, mwanao hajawahi kucheza hii. Yeye ni magari tu, na huendesha polepole asimgonge mtu. Wenzake wanamwita Babu."

"Unanifundisha mwanangu mimi?"

"Basi mwulizeni mwalimu wake. Huyo hapo, aseme."

Ukumbi mzima ukamgeukia mpwa. Yeye alisimama, akatazama rejista mkononi, ambayo hakuna aliyemwomba. "Suala hili lina pande nyingi," alisema, akaketi.

Pande nyingi. Hata leo maneno hayo yakimrudia akiwa anafua, huisokota nguo mpaka ishonoke. Watu wazima mia mbili waliogopeshwa na katuni inayopigana kwenye kioo, na yule mwenye waya wa kuchapia alikaa meza kuu akishusha pumzi ya ushindi. Mwalimu mkuu aliyajua yote, akapiga makofi. Na yeye mwenyewe, ambaye hasira ilimjaa hadi meno yakauma, aliwakasirikia wote, akajiacha wa mwisho.

Chumba kilifungwa wiki ileile. Cheo alikipata. Mjomba alirudi kutengeneza redio na pasi barazani. Mpwa akipita alimjibu salamu na kumuulizia mama yake, basi. La kikao hakuligusa kamwe. Mwaka uliofuata figo zilimwangusha.

Mpwa alipokwenda kumwona wodini alimkuta amekonda, ngozi imemlegea shingoni, lakini macho ni yaleyale makali. Alimenya chungwa, akalipanga vipande kwenye sahani. Mjomba hakulitazama. Mwalimu akaanza kusema yale aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, kwamba siku ile alijua mtoto hupigwa na babaye, kwamba barua, kwamba aliogopa. Mjomba aliinua kidole kumkatiza.

"Chumba kilikuwa changu, nimekisamehe. Yule mtoto bado anapigwa?"