Kidari cha Baba Careen

Marehemu mume wangu, Protas, hakukutwa chumbani kwa mwanamke. Alikutwa mezani. Kwa kuwa uvumi huo umefika kwetu Rombo hadi nje ya kanisa, na mjukuu wangu ameulizwa shuleni, naandika mambo yalivyokuwa.

Protas aliuza nguo za watoto. Alianza na meza sokoni Himo, akafungua duka Moshi, kisha akawa anasafiri kwenda Guangzhou kufunga mzigo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kitambi asichokionea haya. Kwangu tulikula kisomi: samaki wa kuchemsha, mboga, mafuta kidogo. Alikula, akashukuru. Sikuwahi kumwona akilamba kidole.

Huko Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, aliishi Agripina, naye mtu wa Rombo. Alipanga ghorofa ya sita, na kila Jumapili baada ya misa Watanzania walikula kwake. Alichagua mwenyewe mbuzi mnono kwa wachinjaji Waislamu wa mtaani. Mbuzi aliyekonda alimkataa mbele ya watu. Ndizi zake, niliambiwa, zilielea kwenye mafuta. Yeye mwenyewe alikuwa mnene, ngozi inang'aa, na alikula kuliko wageni wake huku akicheka. Kila Protas aliporudi nilipeleka suruali zake kwa fundi zipanuliwe kiuno. Fikirini: nalipia kiuno kilichoongezwa na mapishi ya mwanamke mwingine.

Mwaka 2009 nilifuatana naye. Wakati huo polisi wa kule walikuwa wakikagua pasipoti za wageni nyumba kwa nyumba. Jumapili ile nilikataa kwenda kula kwa Agripina, nikaenda mtaa wa maduka wa Yide Lu kununua kalamu za shule yangu. Alasiri nikamfuata mume wangu. Lifti ilikuwa imeshikiliwa, nikapanda ngazi. Nikakutana na Kasmir, jirani yetu wa nyumbani, anateremka mbio na kiatu kimoja mkononi, wenzake nyuma yake.

"Mwalimu, usipande! Polisi!"

"Viza yangu ni halali, Kasmir."

"Basi mimi hujaniona!"

Nilipofika, polisi walikuwa wanarudisha pasipoti mbili na kuondoka. Mezani sahani zilijaa, viti vitupu. Waliobaki ni wenye viza nzuri tu: Agripina na mume wangu. Mume wangu alikuwa anatafuna. Mbele yake kulikuwa na kidari kizima, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye saa.

Kwa asiyejua, kwetu mbuzi akichinjwa kidari ni cha mkubwa wa nyumba, na wa kumwandalia ni mke wake.

"Agripina," nikasema, "kidari hicho umempa kama nani?"

"Kama mkubwa wetu, dada. Nani mwingine humu ana mvi?"

"Humu hamna mtu mwingine kabisa."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Walikuwepo! Gusa sahani zao, bado za moto."

"Mama Careen, keti," Protas akasema. "Hata polisi wameniacha nimalize."

"Daktari alikwambia nini kuhusu mafuta?"

"Daktari yuko Moshi."

Akafumba macho, akatafuna. Sikumshuku kwa mwanamke, hata dakika moja. Lakini mwanamke ningemshtaki kwa padri. Uso ule wa raha ningeushtaki kwa nani? Miaka yote ya ndoa, mezani kwangu sikuwahi kuuona.

Kasmir ndiye aliyepeleka habari nyumbani: Protas na Agripina, wawili peke yao, na kidari mbele. Watu wa kwetu wakisikia kidari, hawaulizi zaidi. Hakusema wengine walikuwa wapi, maana angelazimika kusema yeye alikimbilia wapi.

Wala mafuta hayakumuua. Alifariki kwa ajali ya basi, na daktari yule yule alikuwa amemwambia moyo wake ni mzima. Alikula alichokipenda, akakifurahia, na hakumkosea mtu.

Siku ile alikikata kidari chake katikati, akanisogezea nusu. Ni haki ya mwenye kidari kumgawia amtakaye, na alinigawia mimi, Agripina akitazama. Nikaketi. Nikala mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Hadi leo Agripina humuuliza kila anayetoka Rombo kama niliwahi kusema chakula chake kilikuwa kitamu. Sijasema. Nanyi msiniulize, sitasema.