Nilisema Mvinyo Uko Salama, Nikijua Umeharibika

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunitetea. Huu mwaka wa pili nimekaa nalo moyoni, nikiuza dukani kwangu, mtaa wa Gerezani hapa Dar, kama mtu mwema. Leo naomba nikuambie wewe usiyenijua.

Kwetu ni Dodoma. Babu alipanda zabibu, baba akajenga kiwanda kidogo cha mvinyo palepale shambani. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, na mimi ndiye niliyerithi ulimi wa bibi. Naonja mvinyo mchanga nikakuambia pipa lipi linaanza kugeuka siki, wakati wengine wote bado wanausifia. Mdogo wangu hana kipaji hicho. Yeye umpe mvinyo umpe juisi ya ukwaju, vyote atakuambia vitamu.

Nilipoolewa nikahamia Dar, kazi ile sikuachishwa. Kila msimu baba alinitumia vichupa kwa basi, kila pipa na kichupa chake chenye namba. Naonja asubuhi kabla ya chai, kisha nampigia simu: changanya haya, lile litenge. Baada ya hapo ndipo mama anaosha chupa na mvinyo unajazwa. Hakuna hata tone la kwetu lililouzwa bila mimi kusema ndiyo.

Baba akafariki. Tulipomaliza arobaini, mdogo wangu akasimama mbele ya baba zetu wadogo akasema shamba na kiwanda ni vyake.

"Dada ameolewa," akasema. "Shamba lake liko kwa mumewe."

Mume wangu ni fundi gereji, hana hata tuta la mchicha! Wazee wakaitikia kwa vichwa, mama akainama. Nilienda kulia chooni, nikarudi nimekauka. Nikajiapia kwamba huyu mtoto nitamkomoa.

Msimu uliofuata vichupa vikaja vilevile, kama vile hakuna kilichotokea. Hebu niambie wewe! Shamba si langu, ila ulimi wangu ni wake!

Nikaonja. Pipa la nne lilikuwa limeshaharibika. Lingetengwa hilo moja, mengine yote yangepona. Nikampigia, nikamwambia yote safi, achanganye.

"Hata la nne, dada? Mimi naliona kali kidogo."

"Wewe umeanza lini kujua mvinyo?"

Akacheka. "Basi dada, wewe ndiye unayejua."

Nilikata simu nikanywa chai yangu na vitumbua viwili. Sikuona hata aibu.

Haikuchukua muda, wenye baa wa Magomeni na Mchafukoge, wanaonunua mvinyo wetu dukani kwangu, wakaanza kunirudishia makatoni. Mvinyo wote ulikuwa siki. Nilipokea kila katoni kwa uso wa msiba huku moyoni nikipiga vigelegele. Mdogo wangu alipomwaga kilichobaki, nilimwomba anitumie picha. Nikaitazama siku nzima, na nikisema sikufurahi nitakuwa nakudanganya.

Sasa sikia nilichosahau. Mimi nilishasema mapipa ni salama, na kwetu neno langu halipingwi. Kwa hiyo kosa likatafutwa kwenye chupa. Na chupa aliziosha mama.

Mdogo wangu alimfokea mbele ya vibarua kwamba amezeeka, haoni, amelitia hasara shamba la baba. Akamkataza kukanyaga kiwandani, mahali alipofanya kazi tangu akiwa bi harusi. Mama akaja kwangu na begi moja. Nilipompa shikamoo aliitika, halafu akaniomba msamaha. Mimi! Akasema ameharibu kazi ya baba yetu.

Anaishi nami hadi leo. Kila mgeni anayeingia lazima asimuliwe jinsi alivyozisuuza zile chupa mara tatu kwa maji ya moto, kisha anaongeza kwamba labda ni macho tu yamemdanganya. Vikombe vyangu anaviosha, anavirudia, kisha ananiletea.

"Nusa mwanangu. Kimetakata?"

"Kimetakata, mama."

Haniamini. Anakirudisha kwenye beseni.

Ningemwambia ukweli, angepumzika siku hiyohiyo. Nimejaribu, mdomo unafunguka, halafu namkumbuka mdogo wangu pale kwenye kikao. Mama akijua, naye atajua, na atasema alifanya vizuri kuninyima. Bado namchukia. Sitaki ashinde, hata kama anayelipa ni mama.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu wa damu yako umepanga kumkomoa, usiguse kitu ambacho wazazi wako wana mkono ndani yake. Kamtukane usoni, kamshtaki barazani, vunjeni hata undugu. Mimi sikufanya hivyo, na sasa hivi ninavyoandika, mama yuko uani anaosha vyombo vilivyo safi.