Gauni Lililotumwa kwa Masika

Kila nikisikia utepe wa gundi ukivutwa juu ya katoni, krrr, narudi Mususa, mtaa wa mji wa Butembo, dukani kwa Tantine Kavira, mdogo wake mama yangu. Tantine hakumaliza shule ya msingi, lakini aliagiza vitenge kutoka China kwa simu, na Kiingereza chake chote kilikuwa kitenzi kimoja: "ship".

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, naishi kwake, nimeanza tu Kiingereza shuleni, nikajiona mwalimu. Nilimweleza kwamba kitenzi hicho ni kutuma mzigo, hasa kwa meli, na Butembo hatuna hata bandari. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwalimu wako alikufundisha nusu," alisema. "Unafunga muzuri, unaandika jina ya mwenye kupokea, na unangojea mupaka aseme imefika. Kama hapana vile, umetupa."

Na ndivyo alivyoishi. Hata akimtumia rafiki maharagwe, hakugusa chakula mpaka apigiwe simu. Wafanyabiashara wenzake walimkabidhi mizigo yao bila wasiwasi, nami nilimwona mkubwa kuliko gavana.

Alhamisi moja alimaliza kushona gauni jeupe la komunyo ya kwanza ya mdogo wangu, aliyekuwa Beni na mama. Komunyo ilikuwa Jumapili. Akaniachia nilifunge na kumpa dereva wa pikipiki anayekwenda huko. Nikaandika juu ya katoni jina la mama na mtaa wake wa Beni, kwa herufi za madaha: Masika, Mulekera.

Msomaji wa kwetu ameshaanza kucheka. Kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, na Mulekera imejaa akina Masika kama migomba. Ijumaa asubuhi mama akapiga simu: hajaona kitu.

"Masika gani?" Tantine aliniuliza. "Masika ya nani?"

Nikaangua kilio. Hakunipiga. Alifunga duka, akamtafuta yule dereva kwenye kituo chao.

"Niliita Masika mu njia, mama moja akaitika, donc nikamupatia; nyumba yake sijue," dereva akasema.

Jumamosi tulipanda pikipiki hadi Beni, tukabisha mlango baada ya mlango. Masika muuza mihogo. Masika mke wa mchungaji. Masika mwenye mapacha, aliyetaka tukae kwanza tunywe chai. Tantine alikataa, ingawa midomo ilikuwa imemkauka. Hakuwa amekula tangu Alhamisi. Wa sita alikuwa mjane muuza samaki. Gauni lilining'inia ukutani kwake, limepigwa pasi.

"Nilizani mutoto wangu ametuma kitu," alisema. "Kufungua, naona ya komunyo. Nikasema mwenyewe atakuya."

Nyumbani, mama alilikumbatia lile gauni, kisha akauliza kwa ukali ni nani aliyeandika anwani ya ovyo namna ile. Nikainamisha kichwa. Tantine alikuwa ndio kwanza anapokea sahani.

"Ni mimi, yaya," alimwambia dada yake. "Nilikosea."

Majirani waliokuwepo walicheka, na kabla hatujarudi Butembo habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Kavira amepoteza mzigo. Mimi nilifurahi tu kwamba nimeponea fimbo. Leo nina duka langu, na ninajua katoni ikipotea unaagiza nyingine, lakini jina la mtumaji likichafuka, kulisafisha ni kazi ya miaka. Tantine alilitoa lake mbele ya watu, bila kunitazama hata mara moja, ili mimi nile wali wa komunyo nikiwa nimeinua kichwa.